Kuosha na kutunza hema la turubai, kutoka porini hadi stoo

Hema lililoshushwa Seronera, katikati ya Serengeti, alfajiri, umande haujakauka, husafiri zaidi ya kilomita 300 chini ya turubai la lori na kuingia Arusha jioni likiwa na maji yale yale, sasa yamepata na joto. Ikiwa ni Jumamosi na mwenye ufunguo wa stoo yuko msibani, mzigo unalala juu ya lori hadi Jumatatu. Siku hizo mbili huharibu mahema kuliko mvua ya masika yenyewe. Fangasi wanataka unyevu, joto na chakula, na pamba ni chakula.

Kwa hiyo tunaanza na kukausha, halafu ndiyo kuosha. Aliyeosha vizuri akakunja hema bichi amepoteza hema. Aliyekausha hema chafu bado analo, na uchafu atautoa wiki ijayo.

Jua kwanza ni kitambaa gani

Mahema makubwa ya kambi za Serengeti, Tarangire na Ngorongoro kwa kawaida hushonwa kwa turubai la pamba tupu, au pamba iliyochanganywa na poliesta, lenye uzito wa gramu 350 hadi 500 kwa mita ya mraba, na chini yake sakafu ya plastiki ya PVC. Yale mepesi wanayobeba wapagazi Kilimanjaro ni ya nailoni au poliesta. Hayo yana kanuni zake, na maelezo haya hayayahusu.

Kama hujui ulicho nacho, chomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani, usogee mbali na hema, uuwashe kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini linalosagika vidoleni. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi. Mchanganyiko huonyesha vyote viwili.

Tofauti hiyo ina maana kazini. Uzi wa pamba ukilowa huvimba na kuziba vijitundu vya ufumaji na vya sindano. Ndiyo sababu hema jipya la pamba huvuja kwenye mishono siku za mwanzo, na watu wakadhani wameuziwa kibovu. Lisimamishe uani kabla halijaenda safari, lilowe lote kwa mpira wa maji, mishono uimwagie zaidi, kisha liache likauke kabisa likiwa limesimama. Rudia mara mbili au tatu. Lile la mchanganyiko halivimbi kiasi hicho, kwa hiyo linategemea zaidi dawa ya kuzuia maji iliyopakwa juu ya kitambaa.

Dawa hiyo ndiyo inayofanya tone la mvua lisimame kama shanga juu ya paa badala ya kuzama. Sabuni ya unga inaiondoa. Tena mabaki yake yakibaki ndani ya nyuzi huvuta maji kuja ndani, kwa sababu kazi ya sabuni ni hiyo hiyo: kuyafanya maji yapenye. Hema lililosuguliwa kwa sabuni ya kufulia hupendeza Februari, Aprili likavuja.

Kukausha

Hema likifika limelowa, lifunguliwe siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Si lazima kulisimamisha. Funga kamba nene kati ya nguzo mbili, au tumia boriti za banda, ulitundike upande wa ndani ukiwa nje, hewa ipite pande zote mbili. Kulitandaza kwenye nyasi hakusaidii, maana upande wa chini unanyonya unyevu wa ardhi wakati wa juu unakauka, na mchwa hawachelewi.

Mjini Moshi, ulio chini kuliko Arusha na wenye joto, siku moja ya Januari inatosha. Arusha mwezi wa Juni na Julai, wingu linapokaa hadi saa saba mchana na baridi juu, panga siku mbili au tatu na usishawishike na paa lililokauka. Jua la saa chache halina shida. Kuliacha hema juani wiki nzima "likauke vizuri" ni kulizeesha, kwa sababu miale ya jua letu hukata nyuzi za pamba na za poliesta pia.

Kitambaa cha katikati hukauka kwanza na kudanganya. Kagua sehemu nene: mapindo yenye tabaka nne, pembe zilizoongezewa kiraka cha nguvu, mikanda ya kufungia vigingi, mshono wa paa, na ule ukanda wa chini unaokaa ardhini. Weka mgongo wa mkono, si kiganja. Pakiwa pa baridi kuliko kitambaa cha jirani, bado pana maji.

Njia ya uhakika zaidi ni mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia magunia. Pima hema likiwa kavu kabisa mwezi wa Februari, uandike kilo kwenye kibandiko cha mfuko wake. Pamba hushika unyevu wa hewa, kwa hiyo hema la kilo 50 kuzidi kwa kilo moja au mbili wakati wa mvua ni kawaida. Likizidi kwa kilo tano, ndani mna maji, hata kama mkono hauyaoni.

Vumbi litoke likiwa vumbi

Kosa la kawaida kwenye yadi ni kufungua mpira wa maji moja kwa moja. Vumbi jekundu la Tarangire likilowa linageuka rangi, likaingia ndani ya uzi na kubaki humo. Simamisha hema, au litundike, ulipige kwa mkono kutoka ndani, halafu upige brashi nje kutoka juu kwenda chini. Brashi iwe ya nywele laini, kama ya kufagilia zulia. Brashi ya waya au ile ngumu ya kusugulia sakafu huchuna dawa na kuinua manyoya ya pamba, na manyoya hayo hushika uchafu maradufu.

Udongo mweusi wa mfinyanzi uache ukauke hadi upasuke. Utabanduka wenyewe kwa vipande, na kinachobaki kinatoka kwa brashi. Ukiufuta ukiwa mbichi unaupaka.

Vumbi la magadi ni habari nyingine. Hema lililokaa karibu na Ziwa Natron au Eyasi lina chumvi ambayo brashi haiitoi yote. Chumvi hushika unyevu wa hewa, kwa hiyo kitambaa kilichokuwa kikavu Septemba huwa kama kina jasho Aprili bila kunyeshewa. Magadi pia hula alumini, na nguzo zikipata madoadoa meupe yenye vishimo, chanzo mara nyingi ni hicho. Hema la huko lisuuzwe kwa maji hata kama linaonekana safi, nguzo na vifungo vyake vilevile.

Kuosha kwenyewe

Wakati mzuri ni Januari na Februari, vuli imekwisha na masika bado, maana baada ya kuosha utahitaji siku kavu za kupaka dawa. Hema la mita 3 kwa 4 linahitaji pipa moja la lita 200, ndoo mbili, brashi laini na sponji. Maji yawe ya baridi. Maji ya moto hupunguza pamba, na sakafu ya PVC haipungui nayo, matokeo yake ni kuta zinazovuta pembe za sakafu hadi mshono unaachia. Kwa sababu hiyo hiyo usilipeleke kwenye mashine ya kufulia.

Lisimamishe, ufunge milango yote kwa zipu, kisha uvute kamba kiasi tu. Pamba ikilowa hukaza. Kamba iliyovutwa hadi mwisho wakati wa ukavu itang'oa kigingi au kupasua ringi ya pembeni hema likilowa.

Mwagia maji sehemu moja moja, tuseme ukuta mmoja, anza chini kupanda juu ili maji machafu yasichore michirizi kwenye kitambaa kikavu. Sugua kwa mizunguko midogo, usikandamize. Kisha suuza kutoka juu kwenda chini hadi maji yanayodondoka kwenye ndoo yawe meupe. Kwa mpira, tumia maji ya kawaida ya bomba. Mashine ya kuoshea magari kwa shinikizo usiisogeze: inafukua dawa ndani ya kitambaa, inapanua matundu ya sindano, na ukikaribia sana inachana uzi wa mshono.

Uchafu mwingi unaishia hapo. Ukibaki ule wa mikono kwenye mlango, au masizi upande wa jiko, kwaruza sabuni ya mche kiasi cha vijiko viwili vya chakula, uiyeyushe kwenye lita tano za maji, ujaribu kwanza pembe iliyojificha, halafu uguse doa hilo tu. Suuza mara tatu. Pale palipoguswa na sabuni patahitaji dawa upya, kwa hiyo paweke alama kwa kibanio cha nguo, la sivyo utapasahau.

Sakafu ya PVC ina ruhusa ya sabuni. Ioshe mwisho, au hema likiwa limepinduliwa, maji ya sabuni yasipande kwenye kuta. Dirisha la plastiki angavu lipanguswe kwa kitambaa laini chenye maji. Dawa ya mbu ya kujipaka yenye DEET huliharibu likawa na ukungu usiotoka, basi wageni waombwe wajipake nje na wasishike dirisha.

Madoa

Kinyesi cha ndege kisikae. Ukikikuta kibichi, kitoe kwa kijiko cha plastiki, kisha maji. Kikikauka, weka kitambaa chenye maji juu yake robo saa kilainike, usikwangue. Gundi ya migunga huyeyuka kwa maji ukiwa na subira, ilowe tu. Utomvu wa misonobari hauyeyuki hivyo: ugandishe kwa barafu iliyo ndani ya mfuko, uvunje kwa vidole, mabaki uyaache yazeeke. Petroli, mafuta ya taa na tina huondoa utomvu pamoja na dawa yote ya eneo hilo na kuacha duara litakalovuja.

Uani Arusha ubaya ni miti. Mjakaranda ukichanua, Oktoba na Novemba, maua yake yakilala juu ya turubai lililolowa huacha alama za kahawia. Majani ya mgrivilea hufanya vivyo hivyo mwaka mzima. Usiweke kamba ya kuanikia chini ya mti, hata kama ndiko kwenye kivuli. Banda lisilo na kuta ni bora.

Mafuta ya kupikia kwenye hema la jikoni yafunike kwa unga wa mahindi au unga wa ngano wakati bado mabichi, uache usiku kucha, upige brashi asubuhi, urudie. Sehemu kubwa itatoka bila tone la maji.

Kutu hutoka kwa limau na chumvi: kamulia, nyunyiza, subiri nusu saa kivulini, suuza sana. Asidi ikiachwa ikauke ndani ya pamba huila polepole, ndiyo maana tunasema sana. Lakini kutu iliyotoka itarudi kama hukugusa chanzo, ambacho ni nguzo ya chuma iliyochubuka rangi pale inapogusa paa. Isugue kwa msasa, upake rangi ya kuzuia kutu, uisubiri ikauke kabisa.

Kwenye viti vya turubai kuna doa la njano linaloelekea rangi ya machungwa ambalo watu huliita jasho. Mara nyingi ni mafuta ya kujikinga na jua. Baadhi yana kemikali ambayo ikikutana na chuma kilichomo kwenye maji hugeuka rangi ya kutu, na jiki hulizidisha. Litibu kama kutu, kwa limau, baada ya kutoa mafuta kwa sabuni ya mche.

Fangasi

Vidoa vyeusi vidogo kama pilipili manga, hasa chini ya ukuta na ndani ya mikunjo, ni fangasi. Harufu hutangulia macho.

Jambo la kwanza ni kulikausha hema na kulitoa nje. Vaa barakoa, simama upepo ukiwa mgongoni, piga brashi kavu hadi vumbi la fangasi liishe. Ukifanya hivyo ndani ya stoo umeyaambukiza mahema mengine yote. Kisha changanya siki nyeupe lita 1 na maji lita 4, upake kwa sponji pande zote mbili za kitambaa, ukivuka ukingo wa doa kwa kiganja kizima, kwa sababu mizizi imeenea kuliko unavyoona. Acha dakika 20, piga brashi, suuza, kausha. Baada ya siku mbili nusa tena. Harufu ikirudi, rudia.

Siki huua, haisafishi rangi. Vidoa vyeusi vitapauka kidogo tu, na hapo ndipo mtu anapofikia jiki. Isitumike. Jiki inalegeza uzi wa pamba, inachuja rangi ya khaki ikawa na mabaka, inaondoa dawa, na doa lililoingia ndani ya uzi bado halitoki lote. Jiki na siki zikichanganyika hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu, kwa hiyo hata chupa zake zisikae ndoo moja. Ukungu uliokufa ni sura mbaya tu, hema linafanya kazi. Lipeleke liwe la wafanyakazi au la mizigo kama wageni wanalalamika, lakini usilichome kwa kemikali ili lipendeze kwenye picha.

Swali la maana zaidi ni kama kitambaa bado kina nguvu. Shika sehemu yenye doa kwa mikono miwili, vidole gumba vikiwa karibu, uvute kwa nguvu kuelekea pande mbili. Turubai zima halisikii. Lililooza hutoa mlio mkavu na kuachia. Hapo kiraka hakisaidii, maana hakuna kitambaa cha kushonea, na ukuta mzima ubadilishwe.

Dawa ya kuzuia maji

Usipake kwa kalenda. Mwagia paa kikombe cha maji: yakisimama kama shanga na kuteleza, acha. Yakitandaa na kitambaa kikabadilika rangi ndani ya dakika chache, wakati umefika. Paa huchoka mapema kuliko kuta, na upande wa paa unaopigwa na jua la mchana huchoka kuliko ule mwingine.

Kuna mahali pengine huchoka kabla ya wakati: juu ya kitanda, kwa ndani. Mhudumu anayepuliza dawa ya mbu ya kopo kila jioni akiielekeza juu anapaka mafuta na viyeyushi kwenye dari. Masika ikifika tone linaanza hapo hapo, juu ya mto wa mgeni. Apulize chini, katikati ya chumba, au atumie chandarua.

Chagua dawa ya maji iliyoandikwa kuwa ni ya turubai la pamba, inayoruhusu kitambaa kupumua. Zile za viatu au za nailoni ni tofauti. Usipake ya silikoni juu ya ya nta au kinyume chake, haishiki vizuri. Kama hujui ya zamani ni ipi, jaribu kipande cha sentimita 30 kwanza, siku mbili.

Kiasi kipigie hesabu. Hema la mita 3 kwa 4 lenye kuta za mita 2 na kilele cha mita 2.8 lina kuta za mita za mraba 28, pembetatu mbili za mbele na nyuma kama 2.4, na paa lipatalo 13.6. Jumla ni 44. Kama kopo linasema lita 1 ni mita za mraba 8, mkono mmoja, yaani tabaka moja, wa paa peke yake ni lita 1.7, na hema zima lita 5.5. Bajeti ikibana, paka paa mikono miwili na mishono ya kuta, uziache kuta zenyewe mwaka huu.

Kitambaa kiwe safi kabisa, kwa sababu dawa hufungia uchafu ndani. Paka asubuhi yenye kivuli au wingu jembamba, kwa brashi pana au bomba la kupulizia la bustani ambalo halijawahi kubeba dawa ya magugu. Tabaka jembamba, futa inayotiririka, acha ikauke, kisha la pili. Tabaka moja nene hukauka na madoa meupe na kuacha sehemu kavu katikati. Hema lisikunjwe kabla ya muda ulioandikwa kwenye kopo.

Kuhusu mchanganyiko wa mishumaa na petroli, na ule wa mafuta machafu ya injini unaopakwa kwenye maturubai ya malori: visiingie kwenye hema ambalo mtu analala na kuna taa ya moto karibu. Mafuta ya injini pia huozesha uzi na kunuka milele.

Zipu, mishono, viraka

Zipu hazifi kwa uzee, huuawa na vumbi na mvutano. Kila hema linaposimamishwa, milango ifungwe kwa zipu kabla vigingi vya pembe havijapigwa. Ukipiga vigingi milango ikiwa wazi, utavuta sakafu kupita kiasi, na kila ufungaji utakuwa vita. Kagua hilo kwanza kabla ya kulaumu zipu.

Meno yasafishwe kwa mswaki wa zamani na maji, yakauke, yapakwe nta ya mshumaa au nta ya nyuki. Grisi na mafuta ya cherehani vinalainisha siku moja, siku ya pili vumbi limenata na kuwa msasa. Zipu inayofungika kisha ikaachia nyuma ya kichwa, kile kinachovutwa, kichwa chake kimepanuka. Kibane kwa koleo pande zote mbili, kidogo kidogo, ukijaribu kila mara. Ukibana mara ya tatu kitapasuka, basi weka akiba. Mahema mengi makubwa hutumia zipu namba 10, yaani meno yaliyofungwa yana upana wa takriban milimita 10. Pima kabla ya kwenda dukani, na kumbuka kwamba kubadilisha kichwa ni kazi ya dakika kumi wakati kubadilisha zipu nzima ni siku ya fundi.

Mishono ya paa isuguliwe nta ya nyuki kwa nje ikiwa kavu na yenye joto la jua, uipitishe hadi ionekane imezama. Kwa mshono uliokatika, mpe kazi fundi anayeshona maturubai ya malori au viti vya magari. Cherehani ya nguo haitapenya tabaka nne. Mwambie atumie sindano namba 18, uzi mnene wa poliesta, mishono 6 hadi 8 kwa inchi, na apite juu ya mstari wa zamani. Mishono ya karibu zaidi inatoboa kitambaa kama stempu, kikachanika hapo hapo.

Kiraka kitoke kwenye turubai la uzito ule ule, na kilowe na kukaushwa kabla ya kushonwa. Kiraka kipya kisicholoweshwa kitapungua mvua ya kwanza na kukunja paa lote. Kivuke tundu kwa sentimita 3 kila upande, pembe ziwe za mviringo ili zisiinuke, kingo zikunjwe ndani sentimita 1, nyuzi zielekee njia moja na za hema. Mistari miwili ya mshono, nta, kisha dawa. Gundi na mkanda wa kunata ni wa kukufikisha Arusha tu.

Stoo

Mfuko uwe wa turubai au shuka la pamba lililozeeka. Nailoni inafungia hata unyevu mdogo uliobaki. Vigingi na nguzo zikae mfuko wao, vimeoshwa. Kigingi chenye udongo kikiviringishwa ndani ya hema kinatoboa na kupeleka fangasi.

Viringisha kuliko kukunja. Kama ni lazima kukunja, badilisha mistari kila mara, kwa sababu dawa hupasuka pale pale palipokunjwa jana. Usipange mahema zaidi ya mawili juu ya jingine, la chini halipumui.

Sakafu ya saruji inapandisha unyevu. Weka paleti, sentimita 15 kutoka chini, sentimita 30 kutoka ukutani, na mbali na bati, ambalo asubuhi za baridi hudondosha jasho. Paleti zikaguliwe mchwa, maana wakishapata njia ya udongo juu ya mguu wa mbao hufika kwenye pamba usiku huo huo. Panya huja kwa harufu ya chakula, kwa hiyo hema la jikoni lihifadhiwe peke yake, limefutwa mafuta kwelikweli. Paka wa stoo anafanya kazi kuliko sumu, na hafi ndani ya mzigo.

Aprili na Mei, kambi nyingi zikiwa zimefungwa na stoo imejaa, fungua kila mfuko mara moja kwa wiki tatu au nne, uchague siku yenye jua. Ingiza mkono katikati ya mviringo, siyo juu. Nusa. Kibandiko cha mfuko kiwe na namba ya hema, ukubwa, kilo za ukavu, mwezi wa dawa ya mwisho na ubovu unaosubiri fundi, umeandikwa kwa kalamu isiyofutika.

Vitu vidogo vina masharti mepesi. Ndoo ya turubai ya kuogea na karai la kunawia zinaruhusiwa sabuni, kazi yake ni kulowa. Zipinduliwe zikauke kila siku, hasa mshono wa chini na ringi ya bomba, ambako ute huanza. Vitambaa vya viti vya kukunja vivuliwe kwenye fremu, vioshwe kwa sabuni ya mche, virudishwe vikiwa na unyevu kidogo ili vikauke vimenyooka. Vikikauka kabla ya kurudishwa hupungua, na hapo ndipo mbao za kiti huvunjika mtu akilazimisha. Kifuniko cha godoro la kambi kipigwe, kianikwe, kisifuliwe ila kimechafuka kweli, kwa sababu upande wake wa chini umepakwa dawa ile ile ya hema.